Asilimia ya Nini? Njia Nne za Kugawana Mapato Ndani ya Muungano

Mjadala wa mapato ya muungano, uwe ukumbini kwenye chuo cha serikali za mitaa Hombolo, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au kwenye kijiwe cha kahawa Majengo, huanzia palepale: serikali ziwe ngapi, na kila upande upate asilimia ngapi. Swali la asilimia lina haraka. Asilimia 15 ya makusanyo yote inaweza kuzidi asilimia 40 ya fungu ambalo limeshakatwa juu na chini kabla halijafika mezani. Anayetaka kuchagua mfumo aanze na msingi unaopigiwa hesabu, ndipo aje kwenye kiwango.

Kuna mambo manne pia ambayo kwa mazoea husemwa kama jambo moja: nani anatunga kiwango cha kodi, nani anakusanya, fedha zinakaa akaunti ya nani kabla ya kugawanywa, na makusanyo yakishuka nani anafunga mkanda. Zanzibar na kaunti ya Kenya zote mbili "zina mapato yake", lakini ukizipitisha kwenye maswali hayo manne hazifanani hata kidogo.

| | Abaki na chake, achangie | Kila upande na kodi zake | Mfuko mmoja na fomula | Kodi moja, baraza moja |
|---|---|---|---|---|
| Mfano | Jumuiya ya Afrika Mashariki | Muungano wa Tanzania (kwa sehemu kubwa) | Kenya, Nigeria | India (GST) |
| Anayetunga kiwango | Kila nchi, isipokuwa forodha | Kila upande kwa kodi zake | Serikali kuu | Baraza la pamoja |
| Anayekusanya | Kila nchi | Mamlaka mbili | Zaidi serikali kuu | Pande zote mbili |
| Anayenufaika zaidi | Mwenye bandari na viwanda | Mwenye kodi zinazokua | Mwenye watu wengi au sauti bungeni | Eneo la walaji |
| Panapovunjika | Michango haifiki | Mipaka ya kodi hugongana | Fedha huchelewa, msingi humegwa | Kura ya turufu, fidia ikiisha |

Abaki na chake, achangie cha pamoja

Masikioni huu ndio mfumo wa haki kuliko yote, hadi uutazame ukiwa katikati ya nchi. Lori linalopita Dodoma kwenda Singida lilishamaliza mambo ya forodha Dar es Salaam. Kampuni kubwa huwasilisha ritani zake Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kupitia idara ya walipakodi wakubwa kwa jina la makao makuu, hata kama wateja wake wako Manyoni na Mpwapwa. Sheria ikiandika "kodi ibaki ilipokusanywa" na kuweka nukta hapo, imeipa bandari na makao makuu fedha iliyotoka mfukoni mwa mlaji wa bara.

Dawa inajulikana: kodi imfuate mlaji. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, mzigo wa Rwanda au Uganda hutolewa tamko na kulipiwa kodi katika nchi unakokwenda kabla haujatoka kwenye bandari ya kwanza. Ili jambo hilo lifanye kazi, mifumo ya kompyuta ya forodha lazima isomane, maofisa wa nchi moja wawe na ruhusa ya kukaa bandari ya nchi nyingine, na lori lifuatiliwe kwa kifaa cha kielektroniki. Likikosekana moja, mzigo wa transiti hushushwa njiani na kuuzwa sokoni bila kodi, na hasara inazikuta nchi zote mbili.

Jambo la pili ni mchango. Mkataba wa Jumuiya wa 1999 ulisimama kwenye michango sawa kwa kila nchi. Usawa huo hulinda heshima ya mdogo, lakini humbana pia, na malimbikizo ya michango yamekuwa wimbo wa kila bajeti ya Arusha, makao makuu ya Jumuiya. Majaribio ya zamani yalikwenda mbali zaidi. Kuanzia 1961, baada ya tume ya Raisman, Kenya, Uganda na Tanganyika ziliweka mfuko wa pamoja uliolishwa kwa asilimia 40 ya kodi ya mapato ya kampuni za viwanda na fedha, na asilimia 6 ya ushuru wa forodha na wa bidhaa. Nusu iligharimia huduma za pamoja, nusu ikagawanywa sawa kwa nchi tatu. Lengo lilikuwa kurudisha kidogo kwa Uganda na Tanganyika, kwa kuwa viwanda vilikuwa vimejazana Nairobi. Fedha zilirudi, viwanda havikurudi. Ndiyo maana Mkataba wa 1967 ukaja na kodi ya uhamisho, ambayo nchi iliyo nyuma kiviwanda iliweza kuitoza bidhaa za viwanda za jirani, na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, ambayo uwekezaji wake ulipangwa asilimia 38.75 Tanzania, 38.75 Uganda na 22.5 Kenya. Miaka kumi baadaye Jumuiya ilivunjika. Mgao wa fedha peke yake hauhamishi kiwanda, na anayepanga shirikisho lijalo asiutegemee kwa kazi hiyo.

Kila upande na kodi zake

Muungano wa 26 Aprili 1964 ulianza na mambo 11 ya pamoja. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 sasa ina 22. Kwa upande wa kodi, jambo la 10 linataja kodi ya mapato ya watu binafsi na mashirika, ushuru wa forodha, na ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa nchini. VAT haimo. Kwa hiyo Bara ina sheria yake ya VAT na Zanzibar yake. TRA hukusanya kodi za Muungano pande zote, na Mamlaka ya Mapato Zanzibar hukusanya kodi zisizo za Muungano visiwani. Kodi ambazo TRA hukusanya Zanzibar hutumika Zanzibar.

Hapo ndipo maandishi na utendaji vinapopishana. Ibara ya 133 inataka Akaunti ya Fedha ya Pamoja, ambamo Serikali mbili zichangie gharama za mambo ya Muungano. Ibara ya 134 inaweka Tume ya Pamoja ya Fedha ya kuchambua mapato na matumizi hayo na kushauri kila upande uchangie kiasi gani. Tume ilipata sheria yake mwaka 1996. Akaunti yenyewe ilibaki maandishi kwa miongo mingi. Sababu kubwa ni ya kihasibu kabla haijawa ya kisiasa. Serikali ya Muungano ndiyo pia inayoendesha mambo ya Bara yasiyo ya Muungano, kwa Hazina hiyohiyo. Huwezi kudai mchango wa haki kwa gharama ambayo haijatenganishwa. Mshahara wa mwanajeshi ni wa Muungano, wa mwalimu wa Kondoa si wa Muungano. Lakini jengo la wizara kwenye mji wa serikali wa Mtumba, Dodoma, linalohudumia yote mawili limo fungu gani? Bila kanuni ya kugawa gharama za namna hiyo, Tume yoyote itakwama ukurasa wa kwanza.

Badala yake ikatumika njia ya mkato: Zanzibar kupewa asilimia 4.5 ya misaada ya kibajeti na ya gawio la Benki Kuu. Ugomvi mwingi umeelekezwa kwenye hiyo 4.5, ingawa kilichosinyaa ni msingi wake. Wafadhili walipohama kutoka misaada ya kibajeti kwenda misaada ya miradi, asilimia ileile ikawa ya fungu dogo zaidi, na hakuna aliyevunja makubaliano yoyote.

Rasimu ya Katiba ya Tume ya Warioba ilipendekeza serikali tatu, na Serikali ya Muungano iishi kwa ushuru wa bidhaa, mapato yasiyo ya kodi ya taasisi zake, na michango ya washirika. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilirudi kwenye serikali mbili. Ukiacha siasa, pendekezo lile lilikuwa na nguvu na udhaifu wa kifedha. Nguvu: Muungano ungekuwa na kodi yake badala ya kwenda na bakuli kila Julai. Udhaifu: ushuru wa bidhaa umeegemea vitu vichache, yaani bia, soda, sigara, mafuta na muda wa maongezi. Jeshi la nchi likitegemea bia, kiwanda kikubwa kimoja kikihamisha uzalishaji upande wa pili hesabu zote zinayumba. Mfumo huu unahitaji kodi mbili au tatu za tabia tofauti kwa kila ngazi, moja ikue na uchumi na nyingine isitikisike uchumi ukishuka.

Mfuko mmoja na fomula

Hapa ndipo wengi huangukia wakisema "tufanye kama Kenya". Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 209, imeiachia serikali ya kitaifa kodi ya mapato, VAT, forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti 47 zimepata kodi ya majengo na ardhi, kodi ya burudani na ada za huduma. Kwa kuwa kodi kubwa ziko juu, ibara ya 203 inalazimisha kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya kitaifa.

Asilimia 15 ya nini? Ya mapato kwa mujibu wa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Hilo neno "kuidhinishwa" ndilo lenye gharama. Chukua mapato yanayokua asilimia 10 kwa mwaka: hesabu zikichelewa miaka minne, asilimia 15 ya hesabu za zamani ni kama asilimia 10.2 ya mapato ya leo. Kiutendaji kaunti hupewa zaidi ya kima hicho cha chini, kwa hiyo kifungu hakijawaumiza kwa kiwango hicho. Lakini kinga ya Katiba imekuwa nyepesi kuliko inavyosomeka. Anayeandika kifungu kama hicho aweke mwaka: "hesabu zisizozidi miaka miwili nyuma, na zikikosekana, makadirio ya Hazina."

Kugawana baina ya kaunti hufuata fomula ambayo tume ya ugavi wa mapato hupendekeza na Seneti kupitisha. Ya kwanza iliweka idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8 na nidhamu ya fedha 2. Ya tatu ilipofika Seneti mwaka 2020, maseneta walivutana kwa miezi, kaunti zikikaa bila fedha, hadi serikali ilipoongeza fungu ili pasiwe na kaunti inayopungukiwa. Fomula mpya hupita kwa urahisi pale tu fungu linapokua. Mwaka 2024 ulionyesha upande wa pili: Mswada wa Fedha ulipoondolewa mwezi Juni baada ya maandamano, mgao wa kaunti uliokuwa umepangwa shilingi bilioni 400.1 za Kenya ulishushwa hadi bilioni 387.425. Kaunti hazikuwa na kodi ya kuziba pengo hilo. Ukitegemea mfuko wa juu, unategemea pia siasa za juu.

Nigeria ni somo kali zaidi. Mapato ya shirikisho huingia akaunti moja na kugawanywa kila mwezi: serikali ya shirikisho asilimia 52.68, majimbo 36 asilimia 26.72, serikali za mitaa 774 asilimia 20.60, baada ya majimbo yanayotoa mafuta kupewa si chini ya asilimia 13 ya mapato ya mafuta hayo. Kabla ya mgao, wakusanyaji hukata gharama zao, kwa mfano forodha, kwa miaka mingi, asilimia 7. Shirika la mafuta la taifa nalo lilikuwa likikata ruzuku ya petroli humohumo. Mwaka 2022 kuna miezi halikuingiza kitu kwenye akaunti. Bei ya mafuta ilipoporomoka kuanzia 2014, majimbo mengi yalishindwa kulipa mishahara na shirikisho likalazimika kuyaokoa. Fedha za serikali za mitaa zilipitia akaunti za majimbo na nyingi ziliishia huko; Julai 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ziende moja kwa moja. Mlango wa kati kati ya mfuko na mtumiaji ni hatari kuliko asilimia ndogo.

Kodi moja, baraza moja

India iliunganisha kodi nyingi za mauzo kuwa kodi moja ya bidhaa na huduma (GST) tarehe 1 Julai 2017. Viwango hupangwa na baraza ambamo serikali kuu ina theluthi moja ya uzito wa kura na majimbo theluthi mbili, kila jimbo sawa na jingine, Goa ndogo sawa na Uttar Pradesh kubwa. Uamuzi hupita kwa robo tatu. Piga hesabu: bila serikali kuu uamuzi haufiki robo tatu, na majimbo yakizidi asilimia 37.5 ya majimbo yote, nayo yanazuia.

Majimbo yalikubali kwa sababu yaliahidiwa fidia: mapato yao yangehesabiwa kukua asilimia 14 kwa mwaka kutoka msingi wa 2015/16, na pengo lijazwe kwa miaka mitano. Korona ikaja katikati, serikali kuu ikakopa kwa niaba yao, na tozo ya fidia iliyopaswa kufa Juni 2022 ikaongezwa muda ili kulipa mikopo hiyo. Petroli na pombe ziliachwa nje ya GST kwa sababu majimbo hayakutaka kuziachia.

Kodi nyingine za India hugawanywa na tume ya fedha ya kila miaka mitano. Ya 15 iliyapa majimbo asilimia 41. Lakini tozo maalumu na nyongeza za kodi hazimo kwenye fungu linalogawanywa. Serikali kuu ikitaka fedha zisizogawiwa, huita nyongeza yake "tozo". Watanzania wanaoujua mwaka wa tozo za miamala hawahitaji kuelezwa jinsi jina linavyoweza kuibeba fedha njia nyingine.

Hesabu ya wawili

Fomula ya kaunti 47 haihamii kwenye muungano wa wawili, na hili husahaulika sana. Chukua muungano wa kubuni: Kubwa ina asilimia 90 ya watu, Ndogo 10. Makusanyo yote ni bilioni 1,000, na bilioni 60 kati yake zimekusanywa Ndogo. Ulinzi, mambo ya nje na mengine ya pamoja yanagharimu 300.

Kwa michango sawa, kila upande ulipe 150. Ndogo yenye 60 imefilisika siku ya kwanza. Ikichangia kwa uwiano wa watu inalipa 30 na kubaki na 30. Kwa uwiano wa makusanyo inalipa 18 na kubaki na 42. Kwa mfuko mmoja, zinabaki 700 za kugawana: kwa idadi ya watu pekee Ndogo inapata 70. Sasa ongeza kipengele cha mgao sawa cha asilimia 25 kama Kenya ya mwanzo. Zinatengwa 175, kila upande 87.5, zilizobaki 525 zinagawanywa kwa watu, Ndogo inapata 52.5. Jumla 140. Kipengele kilichokuwa nusu asilimia kwa kila kaunti ya Kenya kimekuwa asilimia 12.5 kwa kila upande, na mgao wa Ndogo umeongezeka maradufu.

Kuna la forodha pia. Ikiwa bilioni 20 kati ya zile 60 ni za mizigo iliyoshukia bandari ya Ndogo na kuliwa Kubwa, makusanyo halisi ya Ndogo ni 40. Bidhaa zikithaminishwa kwa bei tofauti kwenye bandari mbili, mfanyabiashara atafuata iliyo nafuu, na upande wa pili utadai tofauti. Ndicho kiini cha malalamiko ya miaka mingi ya bidhaa zinazovushwa kutoka Zanzibar kwenda Dar es Salaam. Baraza la kura nalo halina maana kwa wawili: ama mmoja ana turufu au wote wanayo. Hapo panahitajika msuluhishi mwenye ratiba na tarehe ya mwisho ya kutoa uamuzi.

Ngazi ya chini: halmashauri

Mikoa ya kati huuhisi mgawanyo huu zaidi kwenye halmashauri kuliko kwenye Muungano. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na ruzuku ya fidia. Kodi ya majengo ilihamia TRA mwaka 2016, na kuanzia 2021 hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia 2023. Ukusanyaji ulikuwa rahisi ghafla. Lakini mpangaji anayenunua umeme hulipa kodi ya mwenye nyumba, nyumba isiyo na umeme haionekani, na nyumba ndogo yenye mita hulipa sawa na jumba la kisasa lisilo la ghorofa. Kodi ya majengo ndiyo inayofaa zaidi kubaki chini, kwa kuwa jengo halihamishiki na mtendaji wa mtaa analijua.

Ushuru wa mazao una shida iliyo kinyume, maana gunia linahama. Mahindi ya Kiteto huuzwa Kibaigwa, wilaya nyingine na mkoa mwingine. Ushuru wa zao ni wa lilikolimwa, ada ya soko ni ya Kongwa. Stakabadhi ya POS, mashine ya kukusanyia ushuru, isipobebwa, mkulima hutozwa mara mbili geti moja baada ya jingine. Mwaka 2017 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na mizigo isiyozidi tani moja ikasamehewa. Unafuu kwa mkulima, pengo kwa halmashauri ambayo haikuulizwa. Jiji la Dodoma lilipata bahati ya aina yake pale CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ilipovunjwa Mei 2017 na viwanja kuhamia kwake, lakini kiwanja huuzwa mara moja, na mapato hayo hayafai kuwa msingi wa mishahara.

Uchague ipi

Kwa shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki linaloanza legelege, chukua njia ya kwanza, lakini na kodi imfuatayo mlaji na mchango unaoangalia uwezo. Weka sehemu ya ushuru wa forodha iingie moja kwa moja kwenye chombo cha pamoja bila kusubiri hazina za nchi.

Kwa muungano wa wawili wasiolingana, ningechagua ya pili ikiwa na nyongeza mbili: kodi zaidi ya moja kwa ngazi ya pamoja, na kima cha chini kwa mdogo kinachotajwa kwa fedha kamili, kikipandishwa kwa mfumuko wa bei, badala ya asilimia ya fungu linaloweza kusinyaa. Fomula ya vipengele vitano iachieni halmashauri, ambako wagawanaji ni wengi na wastani una maana.

Baraza la kodi moja lisijaribiwe kabla kompyuta za pande zote hazijasomana angalau mwaka mzima wa fedha.

Katika yote, vifungu vitatu viandikwe bila kumwachia waziri: orodha ya makato yanayoruhusiwa kabla ya mgao, pamoja na ukomo wake; siku ya mwezi ambayo fedha lazima ziwe zimefika, pamoja na riba fedha hizo zikichelewa; na mwaka wa mapitio, pamoja na nini kitatumika kama mapitio hayajakamilika. Kenya na India zina mzunguko wa miaka mitano. Nigeria imeendelea na uwiano wake tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kwa sababu anayepaswa kupeleka fomula mpya bungeni ni rais, ambaye serikali yake ndiyo yenye 52.68.